Kipa Aliyefungwa Manne Alikuwa Chaguo Sahihi

Naandika kupinga sheria ya faini. Wanaocheza fantasi hapa Base Camp wanaijua. Wengine nitawaeleza kwa kifupi, hasa ninyi wenye vesti za mashirika mnaopita Jumapili jioni na kushangaa watu wazima wanagombana juu ya kipa wa Uingereza ambaye hajui hata kama Nakivale ipo.

Tuna ligi yetu. Tuko ishirini na kitu: Wakongo ndio wengi, kuna Warundi, Wanyarwanda, na vijana wawili Wasomali ambao wanaongoza tangu msimu uanze na hawasemi siri yao. Kila mtu ana timu ya kubuni ya wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya Uingereza, aliowanunua kwa pesa za kubuni, milioni 100, si zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Kila wiki unachagua 11 wa kuanza na wanne wa kukaa benchi. Wale 11 wakifanya kazi nzuri uwanjani kwelikweli, wewe huku unaandikiwa pointi. Hakuna kiingilio. Zawadi ya mwisho wa msimu ni kuchajiwa simu bure mwezi mzima, ahadi ya mwenye kibanda cha sola, na mpaka leo hajaivunja.

Basi mwezi uliopita kikao kikapitisha sheria mpya. Mwenye pointi chache kuliko wote katika wiki analipa shilingi 5,000 za soda, na jina lake linabandikwa pale kibandani siku saba, chini ya maneno BWEGE WA WIKI kwa herufi kubwa. Mikono iliinuliwa kwa kicheko. Mimi sikuinua. Nikaambiwa naogopa kulipa. Haya, tuseme naogopa, nani hapa haogopi elfu tano siku hizi? Lakini hoja yangu si mfuko. Hoja yangu ni kwamba sheria hii inapima kitu ambacho si akili, halafu inakiita akili. Inamwadhibu mtu kwa kilichotokea, haimuulizi aliamua nini na kwa sababu gani. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mchukulieni yule fundi wa cherehani wa upande wa soko. Sitaji jina, mnalijua wote, lilibandikwa. Alikuwa na makipa wawili kama kila mtu, maana mchezo unakulazimisha uwe nao wawili na uanzishe mmoja tu. Wa kwanza ni kipa wa klabu kubwa, jina zito, lakini wiki hiyo alikuwa anakwenda ugenini kwa timu yenye washambuliaji wakali. Wa pili ni kipa wa klabu ya katikati ya msimamo, yuko nyumbani, anacheza na timu iliyokuwa haijafunga bao hata moja katika mechi zake nne zilizopita. Fundi akakaa usiku baada ya kazi, akanunua MB, akasoma nani ameumia na nani amerudi. Akamwanzisha wa pili. Mimi ningefanya hivyohivyo. Wale Wasomali wawili niliwauliza kila mmoja peke yake, nao wangefanya hivyohivyo.

Mechi ikaanza. Dakika ya kumi na kitu, beki wa kati wa timu ya kipa wake akapewa kadi nyekundu. Watu kumi wakapambana na kumi na moja karibu mechi nzima. Ikaisha manne. Na kule ugenini, lile jina zito halikufungwa hata moja.

Hesabu ya kipa iko hivi, kwa wasiojua. Akicheza dakika 60 au zaidi anapata pointi 2. Timu yake isipofungwa anaongezewa 4. Kila mipira mitatu anayookoa ni pointi 1. Kila magoli mawili anayofungwa anakatwa 1. Kipa wa fundi aliokoa mipira miwili tu, ambayo haifiki hata pointi moja: 2 kutoa 2, sifuri. Yule wa benchi angempa 6 kwa uchache. Fundi akawa wa mwisho kwa pointi tatu. Akalipa, akabandikwa, na watoto wakawa wanamwimbia njiani akienda kisimani.

"Mimi nilisoma, kaka," aliniambia. "Sasa bananiita bwege. Na ile elfu tano ni uzi ya wiki muzima."

Amejitoa. Timu yake bado iko kwenye orodha, hakuna anayeigusa.

Naomba mmoja wenu, yeyote aliyecheka, anijibu: Ijumaa usiku, fundi alipofunga simu na kulala, ni kitu gani alipaswa kujua ambacho hakukijua? Kadi nyekundu? Ilikuwa imeandikwa wapi? Mwenyekiti wetu, ambaye namheshimu kwa mengine, alinijibu hivi: "Mpira hauna huruma, pointi hazidanganyi." Pointi hazidanganyi, sawa. Lakini pointi za wiki moja zinasema kidogo sana, na ninyi mnazilazimisha ziseme mengi.

Tuuache mkasa wa wiki moja, tutazame msimu mzima. Msimu wa 2024/25, makipa wawili walilingana juu kabisa kwa kutofungwa: David Raya wa Arsenal na Matz Sels wa Nottingham Forest. Kila mmoja alimaliza na mechi 13 ambazo timu yake haikufungwa, na hakuna kipa aliyewazidi. Sasa fanyeni kutoa. Kila mmoja alicheza mechi zote 38. 38 kutoa 13 ni 25. Makipa bora wa ligi nzima, katika msimu ambao walistahili sifa zote walizopewa, walifungwa angalau bao moja katika mechi 25.

Rudieni hiyo namba taratibu. Mtu aliyemwanzisha Raya kila wiki bila kukosa, karibu wiki mbili katika kila tatu alilala bila zile pointi 4. Kwa macho ya wajuaji wa Jumapili jioni, mtu huyo alichagua vibaya mara 25. Na bado alikuwa na chaguo ambalo hakuna aliyelishinda! Mkichukua kipa wa kawaida ambaye hakufungwa mechi saba, tofauti yake na Raya ni mechi sita, pointi 24 za kutofungwa. Akili ya msimu mzima, ile tofauti kati ya anayejua na asiyejua, inakaa ndani ya mechi sita zilizotawanyika kuanzia Agosti mpaka Mei. Utaionaje ndani ya Jumamosi moja? Ni kama kumpima mkulima kwa shina moja la muhindi.

Halafu huyo Sels. Msimu wa nyuma yake Forest walikuwa wamemaliza nafasi ya 17, moja tu juu ya shimo la kushuka daraja. Mtu aliyemweka Sels kwenye kikosi mwezi wa nane na kumwanzisha mbele ya jina kubwa angechekwa hapa mpaka machozi.

Kwa hiyo kipa wa kuanza anachaguliwaje? Mimi naangalia kwanza nani anakuja kumpiga mashuti. Jina la kipa mwenyewe huwa la mwisho. Msimu huohuo wa 2024/25 Leicester walicheza mechi tisa mfululizo nyumbani kwao wakapoteza zote, na katika hizo tisa hawakufunga bao hata moja. Aliyekuwa anatazama hakuhitaji kufika ya tisa. Kwenye ya nne au ya tano tayari alikuwa anajua kwamba kipa anayekwenda Leicester ni wa kuanzishwa, hata kama yuko ugenini, hata kama jina lake linakushinda kulitamka. Southampton walifunga magoli 26 katika mechi zote 38. Kipa anayekutana na watu wa namna hiyo ana nafasi nzuri, na kipa mwenye picha kubwa ukutani anayekwenda kukutana na Haaland ana nafasi mbaya. Baada ya hapo naangalia mabeki wake wako wazima au wamefungwa bandeji. Baada ya hapo kama klabu yake ina mechi ya Ulaya katikati ya wiki na itapumzisha watu. Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hawalipi uzito: kipa wa timu dhaifu anapigiwa mashuti mengi, kwa hiyo hata akifungwa moja, akiokoa sita anaondoka na pointi 4. Kipa wa timu kubwa akifungwa moja huku hajaguswa na mpira, anaondoka na 2.

Yote hayo yanajulikana kabla mlango haujafungwa, yaani dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Majina ya wanaoanza kule uwanjani yanatolewa baada ya hapo. Mchezo wenyewe umepangwa ili uamue bila kuona yote.

Shemeji yangu alihamishiwa Marekani, yuko Denver. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, na wenzake wa kazini wamemwingiza kwenye fantasi yao, ya besiboli. Mara ya kwanza aliponieleza kwa simu nilifikiri amechoka. Lakini nilipoelewa, nikaona wale watu wako mbele yetu katika jambo hili hili tunalogombania.

Katika besiboli kuna mtu anayesimama katikati na kurusha mpira, na kuna mpinzani mwenye gongo anayejaribu kuupiga. Mrushaji ndiye kipa wao, tuseme. Kazi yake ni kuzuia wapinzani wasipate mikimbio. Mrushaji anayeanza mechi hachezi kila siku: akirusha leo anapumzika siku nne hivi, mkono upoe, ndipo arudi. Timu ina mechi 162 kwa msimu, kwa hiyo mwenye fantasi kila siku anakaa na swali la fundi wetu: nani aanze, nani akae? Na wenye kujua wanaangalia kwanza anarusha dhidi ya nani na wapi. Denver yenyewe iko juu sana, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira ukipigwa unakwenda mbali kuliko kwingine. Mrushaji hodari akija kucheza Denver, shemeji anamweka benchi. Jina lake halimzuii.

Sasa sikilizeni hili. Kwenye vitabu vya besiboli kila mrushaji anaandikiwa ameshinda mara ngapi na ameshindwa mara ngapi. Kwa miaka mingi watu waliabudu hesabu hiyo. Lakini ina kasoro kubwa: mrushaji anaweza kufanya kazi safi, akaruhusu mkimbio mmoja tu, na kama wapigaji wa timu yake hawakupata hata mmoja, kitabu kinaandika kwamba yeye ameshindwa. Mwaka 2010, Félix Hernández, Mvenezuela aliyekuwa Seattle, alimaliza na ushindi 13 na kushindwa 12. Timu yake ilipoteza mechi 101 mwaka huo, wapigaji hawakuwa na kitu. CC Sabathia wa New York Yankees alikuwa na ushindi 21. Waandishi wa habari wanaopiga kura ya tuzo ya mrushaji bora, inaitwa Cy Young, wakampa Hernández. Mwaka 2018 ikaja kubwa zaidi: Jacob deGrom wa New York Mets, ushindi 10, kushindwa 9. Ukiangalia kitabu tu utasema ni mtu wa kawaida. Lakini mikimbio iliyohesabiwa juu yake ilikuwa wastani wa 1.70 kwa kila mechi kamili ya vipindi tisa, kazi ya ajabu. Wapiga kura 30; 29 wakamweka namba moja.

Wamarekani! Watu wanaopenda mshindi kuliko chakula. Wamempa tuzo kubwa mtu aliyeandikiwa kushindwa mara tisa, kwa sababu walijifunza kutenganisha kazi ya mtu na mambo yaliyomwangukia. Sisi hapa, ambao maisha yetu yote yamejaa mambo yaliyotuangukia, ndio tunambandika fundi ukutani kwa kadi nyekundu ya beki asiyemjua.

Tena faini imeshaanza kuharibu mchezo. Angalieni vikosi vya wiki hii. Zaidi ya nusu yetu tuna kipa yuleyule. Zamani haikuwa hivyo. Zamani ulikuwa unakuta mtu ana kipa wa Brentford, mwingine wa Everton, mwingine amejichimbia na kipa wa timu iliyopanda daraja juzi, na kila mmoja anatetea lake. Kwa nini sasa tunafanana? Kwa sababu adhabu inamwangukia wa mwisho peke yake. Ukiwa na kipa wa wengi na akafungwa matano, mmeanguka pamoja, huwi wa mwisho. Ukiwa na kipa wako mwenyewe uliyemfikiria, na akafungwa matano, uko peke yako. Basi mtu mwenye akili anaacha kufikiri na anafuata kundi. Hiyo ndiyo sheria mliyoitunga, bandugu: mmeweka kodi juu ya kufikiri.

Mtaniambia ni mchezo tu. Haya, twende nje ya mchezo, hatua chache tu, mpaka kwenye vibanda vya kubeti.

Kijana akishinda mkeka, hata akiwa ameweka shilingi elfu moja kwenye mechi kumi za nchi asizozijua kwenye ramani, anabebwa juujuu. Anaitwa profesa. Anaombwa ushauri. Hakuna anayemuuliza mikeka yake ishirini iliyochanika iko wapi. Aliamua vibaya, ikatokea vizuri, tunamwita mwerevu. Fundi aliamua vizuri, ikatokea vibaya, tunamwita bwege. Huo ni ugonjwa mmoja, na wadogo zetu wanaupata hapohapo kibandani wakisoma ile karatasi. Kuna mfanyakazi mmoja wa shirika aliyeniambia kwamba fantasi na mkeka ni kamari ileile, bahati tupu, na kwamba kituo cha vijana kisituruhusu kukutania pale. Nilimjibu kwamba bahati imo, tena nyingi, nimewaonyesha hapo juu kwa 13 na 25. Lakini katika fantasi unarudi wiki 38, na ukirudi mara 38 bahati inaanza kuchoka na akili inaanza kuonekana. Kwenye mkeka ukirudi mara 38 anayeonekana ni mwenye duka. Ila leo nisingeweza kumjibu hivyo kwa uso mkavu, kwa sababu hii faini inasema waziwazi kwamba tunaamini wiki moja.

Na ninyi wa vesti, msicheke, nanyi mnayo karatasi yenu. Sitataja shirika. Vikundi viwili vya akina mama vilipewa vifaranga, idadi sawa. Kikundi cha kwanza kilichanja dhidi ya kideri (ule ugonjwa wa kuku ambao kwa Kizungu unaitwa kwa jina la klabu ya Wissa), kikajenga banda, kikaandika matumizi kwenye daftari. Usiku mmoja upepo ukang'oa paa, mvua ikamaliza vifaranga. Kikundi cha pili hakikuchanja, pesa ya chanjo wakagawana, na kideri haikupita mtaa wao miezi ile. Tathmini ikaja. Kikundi cha pili kikapigwa picha na kupewa awamu ya pili ya mradi. Cha kwanza kikaandikwa kimefeli. Mtaniuliza kuku wa kikundi cha pili waliishia wapi msimu uliofuata. Sisemi. Nikisema, hata ikiwa ni habari tamu kwa hoja yangu, nitakuwa nawahukumu kwa matokeo, na hilo ndilo ninalolikataa hapa. Nasema tu: siku ile ya tathmini, mbele ya madaftari yale mawili, ilijulikana nani aliamua vizuri. Hakuna aliyefungua daftari.

Turudi kwenye mpira. Wanaoitetea faini wana hoja mbili nzito kuliko ile ya mwenyekiti.

Ya kwanza ni kicheko. Wanasema ukiondoa kicheko, ligi inakufa, watu hawana raha nyingine Jumapili. Mimi sitaki kuua kicheko hata kidogo! Nataka tucheke kwa haki. Kuna mambo ya kuchekwa. Sisi Wakongo tuna udhaifu wetu, Yoane Wissa. Msimu wa 2024/25 alifunga magoli 19 ya ligi akiwa Brentford, na wote waliomwanzisha kwa sababu ni wa kwetu wakatembea vifua mbele: "Si tuliwaambia?" Hamkutuambia kitu, mngemwanzisha hata akiwa na plasta mguuni. Na mkathibitisha wenyewe, maana msimu uliofuata alihamia Newcastle, akaumia goti, akakaa nje miezi, na kuna mtu katika ligi yetu aliyemwacha kwenye 11 wake wiki baada ya wiki kwa heshima ya bendera. Huyo achekwe. Mtu anayempa ukapteni mchezaji ambaye klabu yake haina mechi wiki hiyo, achekwe. Kila mwaka mwishoni mwa Machi Uingereza wanasogeza saa zao, mlango wa Jumamosi uliokuwa unafungwa saa nane mchana kwetu unafungwa saa saba, na kila mwaka kuna mtu anaachwa nje na kikosi cha zamani. Achekwe huyo naye, tena kwa nguvu, kwa sababu lilikuwa jambo la kujua na hakulijua. Mmeona? Vicheko bado ni vingi.

Hoja ya pili ni nzuri zaidi, aliitoa mmoja wa Warundi wetu, mwalimu. Alisema: tukimhukumu mtu kwa sababu zake, baada ya mechi kila mtu atakuja na sababu. Kila aliyefungwa atasema alisoma, kila aliyepatia atasema alijua. Na hilo ni kweli kabisa. Binadamu akishaona matokeo anakumbuka kwamba alifikiri kitu ambacho hakukifikiri. Kwa hiyo napendekeza tuandike kabla. Tuwe na daftari moja la ligi. Kila mtu, kabla mlango haujafungwa, anaandika mistari mitatu: kipa gani anaanza, yupi anakaa, na kwa nini. Baada ya hapo hakuna kuongeza wala kufuta. Jumapili jioni tunafungua daftari, tunasoma kwa sauti, na kama kuna sababu ya kijinga tunaicheka hata kama imeleta pointi 12. Pointi za msimu zibaki zilivyo, atakayezipata nyingi mwezi wa tano achukue zawadi yake ya kuchaji simu, sina ugomvi na jedwali la wiki 38. Faini ifutwe. Ile elfu tano ya fundi irudishwe, na aombwe radhi na watu wazima, si watoto.

Kikao ni Jumapili hii baada ya misa ya pili, kwenye kituo cha vijana. Daftari nimeshalinunua, liko kwa yule mama anayeuza mandazi mlangoni pa kituo, na kalamu imefungwa kwa kamba. Ukurasa wa kwanza nimeandika kipa wangu wa Jumamosi na sababu mbili. Yule Msomali mkubwa ameshaandika chini yangu kwa wino mwekundu kwamba yeye anamwanzisha yule mwingine, kwa sababu beki wa kushoto anarudi kutoka majeruhi na mimi nampa uzito mdogo mno. Tumebishana tangu Alhamisi. Mlango unafungwa saa saba mchana.